Mfupa wa Paja Karibu na Goti: Habari ya Neno Moja Katika Daftari la Hospitali

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Nawasalimu ninyi nyote mlio katika madarasa ya Mkoa wa Singida: Singida mjini, Manyoni, Kiomboi, Ikungi, Nduguti na Itigi. Nanyi mnaosoma somo hili kitabuni bila kulisikia redioni, someni polepole. Maneno ni yale yale.

Leo tuna somo la historia. Si historia ya machifu, wala si ya vita. Ni historia ya kuandika. Twataka kujua jinsi watu wa hospitali walivyojifunza kuandika jambo moja dogo: kwamba mtu amevunjika mfupa wa paja, na kwamba amevunjika karibu na goti, si mahali pengine. Labda wewe wasema moyoni, “Mguu uliovunjika ni mguu uliovunjika, kuna historia gani hapo?” Basi, sikiliza.

Kwanza weka mkono wako juu ya paja. Ndani ya nyama hiyo mna mfupa mmoja tu, nao ni mrefu kupita mifupa yote ya mwili. Juu umeingia katika nyonga. Chini unapanuka, unafanya vifundo viwili vya mviringo, navyo vimekaa juu ya mfupa wa muundi. Hapo ndipo goti. Madaktari huugawa mfupa huu sehemu tatu: ncha ya juu, katikati, na ncha ya chini. Habari yetu ya leo ni ncha ya chini.

Ncha hii ina hatari zake. Peleka vidole vyako nyuma ya goti, katika kile kishimo. Humo unapita mshipa mkubwa wa damu uendao mpaka unyayoni. Mfupa ukivunjika katikati ya paja, mara nyingi mshipa huu husalimika. Ukivunjika chini karibu na goti, misuli ya shavu la mguu huvuta kile kipande cha chini kwenda nyuma, na ukingo wake mkali waweza kuubana mshipa au kuukata. Mguu ukikaa bila damu yapata saa sita, nyama huanza kufa, na daktari huenda akalazimika kuukata mguu wenyewe. Tena, ufa wa mfupa ukiingia ndani ya kiungo, ile gegedu laini hupasuka. Isiporudishwa sawasawa, goti hukakamaa. Na mtu asiyeweza kukunja goti hawezi kuchuchumaa chooni, hawezi kukamua ng'ombe, hawezi kupanda baiskeli, na jembe la mkono litamtesa maisha yake yote.

Tuchukue mfano. Si habari ya mtu halisi, ni mfano wa somo tu. Mrina asali wa upande wa Itigi amepanda mti kushusha mzinga. Tawi linakatika, anaanguka, paja linavunjika juu kidogo ya goti, na ngozi inapasuka. Ndugu zake wanamfunga kwa vijiti na khanga, wanampeleka zahanati. Tabibu wa zahanati anamfunga vizuri zaidi tangu nyonga hadi unyayo, kisha anaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa: “Amevunjika mguu.” Anafika usiku. Muuguzi wa zamu anasoma barua. Anaona maneno mawili. Mguu wote umefunikwa kwa bendeji. Je, ni muundi? Ni paja? Juu au chini? Anaamua kumwacha apumzike mpaka asubuhi, daktari aje.

Sasa badili barua hiyo. Andika: “Mfupa wa paja wa kulia, ncha ya chini, ngozi imepasuka.” Muuguzi yule yule, usiku ule ule, akisoma maneno haya atafungua bendeji ya unyayo mara moja. Atashika juu ya unyayo atafute mapigo ya damu. Atapima kama vidole vina joto au ni baridi. Akiona baridi, hatamngoja mtu asubuhi, atamwamsha daktari. Maneno yameongezeka machache tu.

Haya, jinsi gani watu walifika kwenye maneno hayo?

Watu wa Misri ya kale walianza mapema. Iko hati moja yao ya mafunjo, yenye umri wa miaka yapata 3,600, iitwayo hati ya Edwin Smith kwa jina la Mmarekani aliyeinunua mwaka 1862. Ndani yake mna habari za wagonjwa 48, wengi wao wenye majeraha na mifupa iliyovunjika. Kila habari imepangwa kwa utaratibu ule ule: kwanza jina la jeraha, kisha namna ya kumpapasa mgonjwa, kisha uamuzi wa mganga, kama ataweza kumtibu, au atapigana na ugonjwa, au hauwezi kabisa. Nami naona kwamba matabibu wengi wa leo wangefanya vyema kuandika hivyo. Hati yenyewe imeanza kichwani ikashuka shingoni, mabegani, kifuani, hata uti wa mgongo. Hapo mwandishi akaacha katikati ya sentensi. Kwa hiyo hatukupata kujua aliandikaje habari za paja.

Tuvuke sasa mpaka Uingereza. Mjini London, katika karne ya 17, kulikuwa na karatasi zilizochapwa kila wiki kutaja waliokufa na sababu za kufa. Mwuza vitambaa mmoja, John Graunt, alizikusanya karatasi hizo, akazihesabu, na mwaka 1662 akatoa kitabu juu yake. Hakuwa daktari, alikuwa mfanyabiashara aliyejua hesabu. Lakini aliona kwamba ukiweka habari za watu wengi pamoja, waona mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuyaona.

Lakini palikuwa na shida ya majina. Aliyeieleza shida hiyo vizuri kuliko wote ni William Farr, mtoto wa watu maskini, aliyezaliwa mwaka 1807. Mwaka 1839 alikuwa mtumishi katika ofisi ya serikali ya Uingereza iliyoandika vizazi na vifo. Farr alilalamika kwamba ugonjwa mmoja huitwa majina matatu au manne, na jina moja hutumika kwa magonjwa mbalimbali. Alisema kwamba katika kazi ya kuhesabu magonjwa, majina ni kama mizani na vipimo katika elimu nyingine.

Ninyi wakulima mwalijua jambo hili kuliko mimi. Unapouza alizeti kwa debe, na mnunuzi ana debe lililobonyezwa nje ili lijae zaidi, na jirani yako amepima kwa debe jingine, je, mwaweza kuhesabu pamoja mlivuna kiasi gani? Hamwezi. Kila mtu ana hesabu yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa hospitali. Mmoja aliandika “paja,” mwingine “mguu,” mwingine “ajali.” Watatu hao walikuwa na ugonjwa mmoja, lakini katika hesabu wakawa magonjwa matatu. Florence Nightingale, yule mwuguzi mashuhuri, alipendekeza mwaka 1860, katika mkutano wa wataalamu wa takwimu mjini London, kwamba hospitali zote ziandike kwa utaratibu mmoja.

Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon alipeleka orodha ya sababu za vifo katika mkutano wa wataalamu wa takwimu huko Chicago, Marekani, nayo ikakubaliwa. Mwaka 1900 mataifa yalikutana Paris yakaitengeneza upya, na tangu hapo ikawa desturi kuirekebisha kila baada ya miaka kadhaa.

Sasa angalia kosa lililokuwa ndani ya kazi hiyo njema. Orodha ile hasa ilikuwa ya vifo. Aliyekufa aliandikwa. Aliyevunjika paja akabaki kiwete miaka 40, akilima kwa shida huku watoto wake wakiacha shule ili kumsaidia, huyo hakuwa na mahali katika hesabu kubwa za dunia, kwa sababu hakufa. Mfupa uliovunjika kwa kawaida hauui. Hulemaza. Nami nathubutu kusema kwamba kwa miaka 50 hivi hesabu za mataifa zilikuwa na jicho moja.

Tena, haidhuru wangetaka kuandika mahali hasa mfupa ulipovunjika, wengi wasingeweza. Paja lina nyama nyingi. Daktari alipapasa kwa mkono, akasikia mfupa ukisagana, akakisia. Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen akagundua miali ya eksirei, na kwa mara ya kwanza mtu akaona mfupa wa mtu aliye hai bila kumpasua. Hapo ndipo ilipowezekana kusema kwa uhakika: umevunjika hapa, vipande viwili, au vitano, na ufa umeingia gotini au haukuingia.

Habari ya matibabu nayo ina funzo la daftari. Kulikuwa na daktari huko Liverpool jina lake Hugh Owen Thomas, aliyekufa mwaka 1891. Baba yake alikuwa mwunga mifupa wa jadi, na babu zake kadhalika, watu wa kisiwa cha Anglesey huko Wales. Hata huku kwetu tunao waunga mifupa, wenye vijiti na magome yao, na ujuzi wanaorithishana kwa mdomo. Thomas alichukua ujuzi wa nyumbani kwao, akasoma udaktari juu yake, akatengeneza gango la chuma lenye pete juu ya paja na fito mbili pande zote za mguu. Kwa gango hilo mguu huvutwa na kutulizwa. Madaktari wa wakati wake hawakumjali sana. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, mpwa wake Robert Jones alihimiza gango hilo litumike kwa askari waliopigwa risasi ya paja.

Husemwa mara nyingi kwamba kabla ya gango, kati ya askari 100 waliovunjika paja walikufa 80. Waandishi wengine husema 50. Mbona hesabu hazilingani? Kwa sababu mwanzoni mwa vita watu hawakuandika vizuri. Lakini katika mapigano ya Arras mwaka 1917, daktari Henry Gray na wenzake waliandika habari za majeruhi zaidi ya 1,000 wa paja, na waliokufa walikuwa chini ya 20 katika kila 100. Hesabu hiyo yaaminika kwa kuwa ina daftari nyuma yake.

Turudi kwetu. Baada ya vita hiyo nchi ilishikwa na Waingereza. Mwaka 1926 serikali ya Tanganyika ilianza mpango wa kuwafundisha madresa, vijana wa hapa hapa waliofunga vidonda na kutoa dawa nyepesi katika vituo vidogo vya vijijini. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani waliingia Iramba katika miaka hiyo hiyo ya 1920, na kazi ya tiba ikakua Kiomboi, na baadaye Iambi. Katika miaka ya 1950 masista wa Kikatoliki walianza hospitali ya Makiungu. Mwaka 1955 ilifunguliwa Haydom, ng'ambo ya mpaka wa mkoa, katika nchi ya Mbulu. Watu wengi wa Mkalama na Iramba huenda huko. Mkoa wa Singida wenyewe ulizaliwa mwaka 1963, ulipokatwa kutoka Jimbo la Kati.

Katika siku hizo mgonjwa wa paja alilazwa chali. Chuma chembamba kilipitishwa katika mfupa wa muundi chini ya goti, kamba ikafungwa, mawe au mifuko ya mchanga ikaning'inizwa miguuni pa kitanda ili kuuvuta mguu. Alikaa hivyo wiki 6, au 8, au 12. Hata leo wako wanaotibiwa hivyo, hasa pasipokuwa na vyuma vya kupasulia. Kwa mvunjiko wa karibu na goti kazi hii ni ngumu, maana kile kipande cha chini ni kifupi, na mkono wa daktari haukipati vizuri. Ndiyo sababu wengi waliopona mfupa hawakupona goti.

Na daftari je? Mwaka 1948 lilianzishwa Shirika la Afya Duniani, na mwaka huo huo ikatoka orodha mpya, ya sita. Hii ndiyo iliyofungua jicho la pili. Kwa mara ya kwanza orodha kuu ilikuwa ya magonjwa na majeraha pia, si ya vifo tu. Na kila jeraha likapewa alama mbili: moja ya jeraha lenyewe, na moja ya jambo lililolileta.

Tafuta sasa paja letu katika orodha hiyo. Utaliona mahali pawili. N820 ni shingo ya mfupa wa paja, yaani juu kwenye nyonga. N821 ni “sehemu nyingine, na sehemu isiyotajwa.” Basi ncha ya chini iko wapi? Imo ndani ya N821, pamoja na katikati, na pamoja na wale ambao tabibu hakutaja kitu. Mrina asali wetu angeandikwa N821. Mtu aliyevunjika katikati ya paja, ambaye unyayo wake hauna hatari kubwa, naye N821. Na yule ambaye tabibu alikuwa na haraka, N821. Sipendi neno hilo “isiyotajwa.” Nafasi iliyoachwa tupu katika daftari humfanya msomaji aulize. Lakini “isiyotajwa” imevaa nguo za jibu, na msomaji hupita bila kuuliza.

Ilingojewa hata orodha ya tisa, iliyokubaliwa mwaka 1975, ndipo ncha ya chini ikapata tarakimu yake: 821.2 kama ngozi ni nzima, na 821.3 kama ngozi imepasuka na jeraha limefika mfupani. Orodha ya kumi ilikubaliwa mwaka 1990, nayo ndiyo iliyoenea sana katika hospitali za dunia, Tanzania ikiwemo. Humo alama ni hii. Mwalimu aiandike ubaoni kwa herufi kubwa:

S72.4

Tuisome pole pole. Herufi S ni ya majeraha. S72 ni mfupa wa paja kuvunjika. Ile 4 baada ya nukta ndiyo ncha ya chini. Kama ingekuwa 0, ingekuwa shingo ya mfupa. Kama ingekuwa 3, ingekuwa katikati. Na kama ni 9, tumerudi kwa yule bwana “isiyotajwa.” Waweza kuongeza tarakimu moja zaidi: 0 kwa mvunjiko uliofungika, 1 kwa uliofunguka. Kwa hiyo mrina asali wetu ni S72.41. Na kwa kuwa alianguka kutoka mtini, anapata alama ya pili, W14. Kijana wa bodaboda aliyegongwa angekuwa na paja lile lile, lakini alama yake ya pili ingeanza na V. Kwa njia hiyo mkoa unaweza kujua kama mapaja yanavunjwa na miti au na pikipiki. Mti unahitaji kamba na ngazi nzuri. Pikipiki yahitaji mambo mengine kabisa.

Hizi si namba za siri, ingawa watu wengine huziogopa wanapoziona katika cheti chao. Ni jina tu, lililoandikwa kwa namna ambayo Mchina na Mrusi na Mnyaturu watalisoma sawa.

Wapasuaji nao walitaka maelezo zaidi, kwa kuwa orodha ya Shirika la Afya ni ya kuhesabu, si ya kupasua. Mwaka 1958 madaktari wa Uswisi, miongoni mwao Maurice Müller, waliunda chama cha kuchunguza namna ya kuunga mifupa kwa vyuma. Müller akapanga mifupa mirefu kwa namba. Paja ni 3, ncha ya chini ni 3, basi ncha ya chini ya paja ni 33. Kisha herufi: A kama ufa haukuingia gotini, B kama umeingia upande mmoja na upande wa pili umebaki umeshikana na mfupa, C kama kiungo chote kimetengana na mfupa wa juu. Mpasuaji akiona “33-C” ajua kabla hajanawa mikono kwamba ana siku ndefu mbele yake. Wamarekani, tangu Oktoba 2015, wameirefusha alama ya orodha ya kumi hata ikafika nafasi saba: wanaandika mguu wa kulia au wa kushoto, vipande vimeachana au havikuachana, na kama mgonjwa amekuja mara ya kwanza au amerudi kuangaliwa. Kwa zahanati yenye tabibu mmoja na foleni mpaka nje ya mlango, nadhani nafasi saba ni mzigo. Lakini kulia na kushoto ningependa tuviige leo hii, kwa maneno matupu ikibidi. Orodha ya kumi na moja, iliyoanza kutumika rasmi Januari 1, 2022, ina njia ya kuongeza upande wa mwili.

Katika Tanzania, kitu ambacho wengi wenu mmekiona ni vile vitabu vikubwa vya MTUHA, maana yake Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Vilienezwa katika miaka ya 1990. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje. Ukienda zahanati, jina lako huandikwa humo. Mwisho wa mwezi mtu huketi na kuhesabu mistari, na hesabu hupelekwa wilayani. Katika miaka ya 2010 hesabu hizo ziliingizwa katika kompyuta nchi nzima. Ripoti ya mwezi ni fupi; haina nafasi ya kutaja kila mfupa na kila ncha. Kwa hiyo kile kinachojulikana kuhusu goti lako hakiko katika kompyuta ya wilaya. Kiko katika faili lako, katika barua yako, na katika karatasi unayorudi nayo nyumbani.

Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu waliwahi kuzunguka katika hospitali 39 nchini, wakisoma madaftari ya vifo vya miaka 2006 hadi 2015. Walikusanya vifo karibu 250,000, na kila sababu ikapewa alama ya orodha ya kumi. Ni kazi kubwa, yastahili sifa. Lakini mtafiti hawezi kusoma lile ambalo halikuandikwa.

Nitaje jambo moja zaidi linaloonyesha kwamba maandishi yaweza kugeuka chuma. Mwaka 1999 daktari wa mifupa wa Marekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika liitwalo SIGN. Shirika hilo hutoa msumari mrefu wa kupitishwa ndani ya mfupa, uliotengenezwa kwa hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha kupasulia. Msumari huo waweza hata kuingizwa kwa njia ya goti, kwa mivunjiko iliyo chini. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ni moja ya mahali unapotumika. Mgonjwa haulipii msumari wenyewe. Daktari ndiye anayeulipia, kwa maandishi: kila anapomaliza kupasua, hana budi kupeleka kwa shirika picha za eksirei na maelezo ya mvunjiko. Akipeleka, shirika humrudishia msumari mwingine kwa mgonjwa ajaye. Asipoandika, kabati litabaki tupu.

Bima nayo inadai maandishi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Bima hailipi kwa kumwangalia mgonjwa usoni. Hulipa kwa kusoma fomu. Kadiri watu wengi wanavyoingia katika bima, ndivyo jina la ugonjwa linavyozidi kuwa fedha. Palipoandikwa jina lisilo sahihi, au lisilotaja mahali, hospitali huenda ikakataliwa malipo ya chuma, na maneno marefu yakaanza.

Sasa nawageukia ninyi. Mwaweza kusoma. Mtu wa nyumbani mwako akivunjika, ukapewa barua ya kwenda Singida mjini, au Haydom, au Dodoma, usiikunje tu na kuitia mfukoni. Uifungue. Huenda imeandikwa kwa Kiingereza, basi mwulize tabibu kwa heshima: “Daktari, ni mfupa gani? Ni juu, katikati au chini? Ni kulia au kushoto? Ngozi imepasuka? Umepima mapigo ya unyayoni, saa ngapi?” Akikujibu, mwombe aandike. Kama ana haraka, andika wewe mwenyewe kwa Kiswahili nyuma ya karatasi yako. Muuguzi wa usiku hatakasirika. Na ukiwa njiani ndani ya gari, gusa vidole vya mgonjwa kila mara. Vikipoa au vikifa ganzi, andika saa.

Swali hili si la vijana wa bodaboda peke yao. Wazee, na hasa akina bibi ambao mifupa yao imedhoofika kwa umri, huvunjika mahali hapa hapa kwa kuteleza tu, wala hawakupanda mti wala pikipiki. Mara nyingi huambiwa nyumbani kwamba ni goti la uzee limevimba, wakapakwa dawa ya kuchua siku tatu.

Zoezi la leo. Mwalimu aandike ubaoni maneno haya, nanyi myanakili katika madaftari:

“Bibi wa miaka 70 ameteleza kisimani saa moja asubuhi. Mfupa wa paja umevunjika, ncha ya chini. Ngozi haikupasuka. Vidole vina joto.”

Kila mwanafunzi atafute tarakimu mbili zinazofuata S72. Kisha msome tena sentensi hizo kwa sauti, mtafute neno moja kubwa ambalo mwandishi amelisahau, na kila mmoja aliandike mahali pake. Wiki ijayo, siku na saa hii hii, tutasoma cheti cha kifo na nani ana haki ya kukijaza.